Thamani ya Kidole cha Hamali

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo lililotokea katika darsa yetu, kwani tangu siku hiyo hatukupata utulivu wa moyo.

Tulikuwa baina ya Magharibi na Isha tukisoma mlango wa diya katika fikihi ya Imam Shafii. Maalim akaeleza kuwa kila kidole cha mkono kina diya ya ngamia kumi. Hapo ndugu mmoja wa Changamwe, aliyekuwa ameketi nyuma, akainua mkono wake wa kulia. Mkono huo hauna kidole cha shahada wala cha kati. Akasema, "Maalim, vyangu viwili vililipwa shilingi elfu ishirini na gunia la mchele. Ngamia wangu wako wapi?" Baadhi yetu wakacheka. Mwenyewe hakucheka.

Ndugu huyu alikuwa kibarua katika ghala moja la mizigo inayotoka bandarini. Mnyororo wa kunyanyulia mzigo ulikatika, ukambana mkono. Alitibiwa, akarudi nyumbani, na baada ya siku chache tajiri wake akamjia kwa upole, akamjulia hali, akampa pesa hizo na mchele, akamwomba atie alama katika karatasi iliyoandikwa Kiingereza. Akatia dole gumba la mkono wa kushoto, kwani wa kulia ulikuwa bado umefungwa. Hatulitaji jina la ghala wala la mwenyewe. Makusudio yetu si kumtangaza mtu, bali ni kulitengeza jambo.

Ndugu yetu alituuliza masuala matatu. La kwanza: jirani zake wamwambia kuwa lililompata ni kadari, na kudai zaidi ni kutoridhika na hukumu ya Mungu. Je, ni kweli? La pili: mwingine amemwambia kuwa pesa hizo hutoka katika bima, na bima ni haramu. Je, ni kweli? La tatu ni lile la ngamia: kidole chake thamani yake ni nini, na ni nani mwenye kuikadiria? Tumeyatia katika karatasi hii kwa kuwa hayamhusu yeye peke yake. Ng'ambo zote tatu za kisiwa chetu zaishi kwa mikono ya watu. Changamwe ina maghala, matangi ya mafuta na magari ya makontena. Kisauni ina machimbo ya mawe, kazi ya saruji na majumba yanayojengwa kila siku. Likoni kila alfajiri hupeleka maelfu ya watu kivukoni, na watu wa huko hawajaisahau asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe wakafa watu 272, wengi wao wakienda makazini. Hakuna mtaa katika mitaa hii usiokuwa na mtu aliyeacha kiungo chake kazini.

Ama suala la kadari, jawabu yake ni nyepesi kwa mwenye kufikiri. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, wala hatuna shaka nayo. Lakini kadari hutufundisha tusikate tamaa kwa lililokwisha kupita. Haikuja kutueleza ni nani asilipe deni lake. Katika Surat Nnisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameweka diya juu ya mtu aliyeua kwa kukosea, bila ya kukusudia. Aliyeuawa naye amekufa kwa kadari, na ajali yake ilikuwa imefika. Lau kadari ingelikuwa yafuta deni, aya hiyo isingelikuwa na kazi, na kila hakimu angelifunga mlango wake akaenda nyumbani.

Tena tutazameni wenyewe jinsi neno hili linavyotumika. Sanduku la bidhaa likianguka gatini likavunjika, mwenye mali hasemi kuwa ni kadari akanyamaza. Siku ile ile huandika barua, huleta shahidi, hupiga picha, hudai mpaka alipwe senti ya mwisho, wala hakuna shekhe anayemwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Akianguka mtu aliyelichukua sanduku, hapo ndipo tunapokumbuka kadari. Basi je, kadari ni ya maskini tu? Tunaogopa kuwa neno takatifu limefanywa pazia, na sisi wenye vilemba ndio tuliolishika pande zote mbili.

Huenda mwanachuoni akatupinga kwa hoja iliyo nzito zaidi. Atasema kuwa imepokewa katika hadithi kwamba kisima na mgodi havina dhamana, na wenye kusherehesha wakaeleza kuwa mtu akimwajiri mwingine kumchimbia, kisha shimo likamwangukia, mwajiri halipi kitu. Hoja hii ni ya haki kutajwa, wala hatuikimbii. Twaijibu kwa mambo matatu.

Kwanza, maulamaa wameyasema hayo kwa mwajiri ambaye hakuvuka mpaka wala hakufanya uzembe. Ama aliyempa mtu mnyororo uliokwisha kuliwa na kutu, naye ajua au ilimpasa ajue, huyo amefanya uzembe, na mzembe ana dhamana kwa yale aliyoyasababisha.

Pili, Waislamu wamefungwa na masharti yao. Leo hapa Kenya, mtu akimwajiri mtu, sheria ya nchi imekwisha kuingia baina yao: mfanyakazi akiumia katika kazi, mwajiri atalipa, hata kama hakuna aliyekosea. Tajiri anajua hayo siku anapofungua ghala lake. Amekubali faida ya mapatano, basi hawezi kuikataa hasara yake kwa kufunua kitabu cha fikihi siku ya kulipa tu.

Tatu, Seyyidna Ali (Mwenyezi Mungu amuwie radhi) aliwadhaminisha mafundi vitu vya watu walivyopewa kutengeneza, na hali asili ya fundi ni kuwa amini asiyelipa kilichoharibika bila ya kosa lake. Aliona kuwa watu hawatatengenekewa ila kwa hivyo. Maulamaa wamekhitalifiana katika suala hilo, lakini wengi walilikubali kwa maslaha ya watu. Basi ikiwa yafaa kumdhaminisha fundi kwa ajili ya kipande cha nguo, twauliza: yakosaje kufaa kumdhaminisha tajiri kwa ajili ya mkono wa mwanadamu?

Sasa twaja kwenye sadaka, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Ndugu huyu alipoumia, sisi wa darsa hii tulimchangia. Baada ya Sala ya Ijumaa tulitandika kitambaa mlangoni mwa msikiti, na wa kwanza kutia pesa alikuwa ni yule yule tajiri, naye alitia nyingi kuliko sote. Tulifurahi. Maalim akainua mikono akamwombea dua, nasi tukaitikia amina kwa sauti kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama mtu huyu atoa sadaka na hali ana deni la wajibu shingoni mwake. Fikihi hii tuisomayo kila usiku yasema kuwa deni hutangulia sadaka, na kwamba mwenye kudaiwa akitoa mali kuwapa watu na kumwacha mdai wake, amefanya dhambi kwa sura ya thawabu. Tulikuwa tukiyajua hayo vitabuni, hatukuyajua msikitini.

Dhara ya kosa letu ni kubwa kuliko lionekanavyo. Sadaka humfanya mpokeaji awe mwenye kushukuru, na haki humfanya awe mwenye kudai. Mtu aliyekwisha kushukuru mbele ya jamaa huona haya kusimama tena kudai. Amina yetu ndiyo iliyomfunga ndugu yetu mdomo kuliko ile karatasi ya dole gumba. Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimsifu, tukamwonea huruma, tukampa mchele, na haki yake tukaiacha kwa mwingine.

Tuliona ya kuwa hatuwezi kusema zaidi bila ya kuijua sheria yenyewe, basi tukatafuta mwenye kuifahamu akatueleza. Zamani ilikuwako Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi, Sura ya 236, iliyotungwa katika siku za ukoloni. Mwaka 2007 Bunge likapitisha mahali pake Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Juni 2008. Sheria hii ina wema wake. Haimtaki mgonjwa athibitishe kosa la tajiri. Yatosha kuwa aliumia katika kazi. Yamtaka mwajiri alipe matibabu, na yamlazimisha awe na bima. Akipata habari ya ajali, yampasa aipeleke kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Mfanyakazi naye, au warithi wake, ana miezi 12 ya kuleta dai lake. Mkurugenzi akishalipeleka dai kwa mwajiri au kwa wenye bima, walilipe katika siku 90. Asiyeridhika ana siku 60 za kupinga, kisha ana njia ya kwenda mahakama ya kazi.

Lakini sheria hiyo hiyo ilifunga mlango mmoja. Aliyeumia kazini hana tena ruhusa ya kumshitaki mwajiri wake mahakamani moja kwa moja kutaka fidia ya uzembe. Chama cha mawakili kilipinga. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vingi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha vilivyo vingi. Na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Kesi nyingi zilibaki njiani, hata Jaji Mkuu akatoa mwongozo mwaka 2023 juu ya wapi zisikizwe. Hatuingii katika ugomvi wa mawakili. Twasema tu kuwa miaka zaidi ya kumi ilipita wakubwa wakijadiliana ni mlango gani ufunguliwe, na katika miaka hiyo mtu asiye na vidole alikuwa nje anabisha hodi.

Twaja sasa kwenye suala la ngamia, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi. Sheria hukadiria hivi: huchukua mshahara wa mtu wa miezi 96, yaani miaka minane, kisha hutazama kiungo kilichopotea ni sehemu ngapi katika mia ya mwili wote, na hiyo sehemu ndiyo alipwayo. Tupige mfano. Tuseme daktari amekadiria hasara kuwa ni sehemu 10 katika mia. Kibarua mwenye kupata shilingi 15,000 kwa mwezi atapata shilingi 144,000. Mkubwa wa kampuni hiyo hiyo mwenye kupata 150,000, akipoteza kidole kile kile, katika mnyororo ule ule, atapata 1,440,000. Kidole cha mkubwa ni vidole kumi vya hamali.

Fikihi yetu haikuenda njia hii. Nafsi ya mtu huru ni ngamia 100, mkono ni 50, kidole ni 10. Hamali ni hivyo, na liwali ni hivyo. Hakuna kitabu kinachomuuliza aliyekatwa kidole kuwa alikuwa akipata kiasi gani kwa mwezi. Tena imepokewa kuwa Seyyidna Umar (Mwenyezi Mungu amuwie radhi) alikuwa akivipambanua vidole, akikipa dole gumba zaidi na kidole cha mwisho kichache, mpaka ilipomfikia barua ya Mtume iliyokuwa kwa ukoo wa Amr bin Hazm, isemayo kuwa kila kidole ni kumi. Hapo akaiacha rai yake. Kiongozi mkubwa kama yule hakuona haya kuibadilisha hesabu ya vidole alipoonyeshwa iliyo ya haki zaidi. Basi mbunge wa leo aone haya ya nini?

Hatufichi kwamba maulamaa walio wengi waliiweka diya ya mwanamke kuwa nusu ya mwanamume, na hilo lina mjadala wake mrefu. Wala hatufichi kwamba katika vitabu hivyo hivyo kuna mtu mmoja ambaye kiungo chake kilipimwa kwa njia nyingine kabisa. Mtu huyo ni mtumwa. Mtumwa alipokatwa mkono, mafakihi walitazama bei yake sokoni, wakahukumu nusu ya bei hiyo. Kama bei ni kubwa, mkono ni ghali. Kama bei ni ndogo, mkono ni rahisi.

Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo azitie hesabu mbili hizi pamoja. Bei ya mtu sokoni, mara sehemu ya kiungo: hiyo ni ya mtumwa. Mshahara wa mtu wa miezi 96, mara sehemu ya kiungo: hiyo ni ya mfanyakazi. Utumwa katika pwani hii uliondolewa kwa sheria mwaka 1907. Watu wamekuwa huru, lakini tukitazama jinsi viungo vyao vinavyokadiriwa, twaona kuwa hesabu ya mtumwa ndiyo iliyobaki, imebadilishwa jina tu.

Huenda tukaambiwa kuwa mshahara hutazamwa kwa sababu fidia yakusudiwa kurudisha riziki iliyopotea, na riziki za watu si sawa. Neno hili lina haki ndani yake. Mwenye watoto sita aliyekuwa akiwalisha kwa mkono huo, inafaa watoto wake watazamwe. Lakini riziki ni jambo moja na mwili ni jambo jingine. Hamali aliyekatwa vidole hakupoteza mshahara tu. Hawezi kufunga vifungo vya kanzu yake, hawezi kushika kalamu, na anapotaka kuoga humwita mtoto wake amsaidie. Kidole kimoja hakivunji chawa, na aliyepunguziwa vidole vya mkono wa kulia ajua maana ya methali hii kuliko mwalimu wa shule. Hasara hiyo ni moja kwa kila mwanadamu, wala haina mshahara. Basi twataka vyote viwili: riziki ikadiriwe kwa mshahara, na mwili uwekewe kiwango kilicho wazi, ambacho kiungo cha mtu yeyote hakishuki chini yake, kitangazwe na kubandikwa langoni mwa kila ghala ili kila mfanyakazi akijue.

Ama suala la bima, twajua kuwa baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataza bima ya biashara na likaruhusu ile ya kusaidiana. Lakini ndugu yetu hakununua bima. Yeye anamdai mwajiri wake. Mwajiri akitoa mfukoni, akikopa kwa nduguye, au akilipiwa na kampuni aliyolazimishwa na sheria kuwa nayo, hiyo ni hesabu yake na Mola wake. Mdai hukubali haki yake. Hatujapata kumsikia mtu aliyemkopesha jirani pesa akakataa kulipwa mpaka apewe ushahidi wa mapato yote ya jirani yake. Ajabu ni kuwa wenye kumwonya hamali na bima hawamwonyi mwenye gari wala mwenye jahazi.

Tena asili ya kusaidiana katika fidia imo katika dini yetu. Diya ya kukosea haikuwekwa juu ya mkosaji peke yake. Hubebwa na jamaa zake wanaume, kila mmoja kwa uwezo wake, ili mmoja asivunjike na warithi wasikose. Na Seyyidna Umar alipoandikisha majeshi katika daftari, aliwafanya walioandikwa daftari moja wabebeane diya kama jamaa. Madhehebu ya Hanafi yalilichukua jambo hili. Sisi Mashafii tulibaki na jamaa wa damu. Lakini hekima yake yaonekana na kila mtu: watu walio katika kazi moja wafanywe kama ukoo mmoja. Jirani zetu wa Tanzania wana kitu cha kufanana na hicho. Kwa sheria ya mwaka 2008 walianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ukaanza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri hutia sehemu ndogo ya mishahara anayolipa, na aliyeumia hulipwa na mfuko. Hana haja ya kumfuata tajiri ofisini wala kungojea upole wake. Kwetu kila tajiri hujitafutia bima yake, na asiye na bima mtu wake hubaki na dua. Twaona kuwa mfuko kama huo ungekuwa karibu zaidi na haki, na karibu zaidi na dini.

Jambo moja limebaki nalo ni la wale wasiokatwa kitu. Si kila jeraha hutoa damu. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, waliingiwa na sumu ya risasi kutoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwahukumia shilingi bilioni 1.3; mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu; na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kesi hiyo ilikuwa ya wakazi wa mtaa, haikuwa ya fidia ya kazini, lakini ina mazingatio kwetu. Ikiwa sumu imewafikia waliolala majumbani mwao, anayeishika kwa mikono kila siku kazini hali yake ni ipi? Vumbi la saruji, moshi wa kuchomelea na dawa za kunyunyizia maghala hazipigi kelele. Mtu huanza kukohoa leo akajua sababu baada ya miaka. Sheria imeyataja maradhi ya kazini, lakini maskini asiyepata kupimwa ataletaje dai la ugonjwa asioujua jina?

Basi nini yatupasa? Mfanyakazi, ukiumia, mwarifu mnyapara na mwajiri siku hiyo hiyo, na ukiweza iwe kwa maandishi. Shika majina ya waliokuwapo. Tunza kila karatasi ya daktari. Usitie sahihi wala dole gumba katika maneno usiyoyafahamu. Nenda mwenyewe katika ofisi ya usalama na afya kazini kabla ya miezi 12 kupita, wala usiipoteze miezi hiyo kwa waganga wanaokuambia kuwa mnyororo ulikatwa na husuda. Kibarua anayechukuliwa langoni asubuhi bila ya karatasi ndiye mwenye shida kuliko wote, kwani huambiwa kuwa hakuwako. Kwake yeye shahidi ni mali.

Tajiri Mwislamu, zaka yako haikuondolei deni hili, wala futari unayoitoa Ramadhani. Aliyeumia katika kazi yako akupa fursa ya kulipa duniani. Ama wenye kutunga sheria, twawataka mfuko, kiwango cha mwili, wakaguzi wa kutosha, na mlango wa kibarua asiye na karatasi. Na makhatibu wetu, tuzihutubie habari hizi juu ya mimbari kama tunavyohutubia udhu na saumu, kwani nazo ni haki za waja, na haki za waja hazifutiki kwa istighfari peke yake.

Ndugu yetu wa Changamwe, tulipohesabu, tuliona kuwa miezi minane imepita tangu siku aliyoumia. Imebaki minne. Tumekubaliana kuwa wawili wetu watafuatana naye ofisini, mmoja awe ni yule aliyeisoma ile karatasi akatueleza maana yake. Mwenyewe amekubali, ingawa alituuliza kama si aibu kumdai mtu aliyeombewa dua msikitini. Tulimwambia kuwa aibu hiyo si yake, ni yetu. Tena tumeazimia kwenda kwa tajiri kabla ya kwenda ofisini, tumweleze kwa adabu kama tulivyoeleza hapa, huenda Mwenyezi Mungu akamfungua moyo. Tulimwombea baraka kwa alichotoa. Sasa twamwombea nguvu ya kutoa anachodaiwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuafikisha, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.